Tuzunguke kwa Miguu: Kilima, Mtaro na Mbwa Wetu

Vikundi vingi vya hapa Kibomet hutuletea shida zao vikiwa vimekaa kwenye viti. Mwenyekiti anafungua mkutano, kisha malalamiko yanaanza: maji yamekula shamba langu, chemchemi imechafuka, mtaro wa jirani umeziba. Kila mtu anaongea juu ya shamba lake, kwa sababu ndilo analolijua. Jioni tunaagana bila uamuzi, na mwezi ujao ni yale yale.

Siku hizi tunawashauri wafanye jambo moja kabla ya mkutano. Watoke wote pamoja, wapande kilimani, wafuate njia ya mtaro hadi mtoni, halafu warudi nyumbani kwa njia nyingine. Yaani wazunguke. Na kwa kuwa huku kwetu mtu akitembea mbali mbwa wake humfuata, hata akifukuzwa, tutaongea pia juu ya mbwa. Tumejifunza kwa uchungu kwamba jambo hilo si dogo.

KWA NINI MZUNGUKO?

Maji huanza juu na taabu huonekana chini. Anayekaa chini humlaumu wa juu, na wa juu hajui lolote maana kwake maji yamepita tu. Mkizunguka, wote mnasimama mahali pamoja na kuona kitu kimoja.

Katika kikundi kimoja tulichokitembelea, mzee wa shamba la juu na mama wa shamba la chini walikuwa hawasalimiani kwa miaka miwili. Mama alisema mzee anamfungulia maji. Mzee alisema mama ameziba mtaro. Tulizunguka asubuhi baada ya mvua ya usiku. Tulipofika barabarani, sote tukaona: maji mengi yalikuwa yanatoka kwenye kalvati ya barabara na kuingia moja kwa moja katika mashamba yote mawili. Mzee akatazama, akasema, "Kumbe tulikuwa tunagombana na barabara!" Wiki iliyofuata wote wawili walikuja na majembe, na kikundi kikachimba mtaro wa kukinga maji hayo.

Wenzetu Wamarakwet, upande wa pili wa vilima vya Cherangani, wanajua jambo hili tangu zamani. Kwa mamia ya miaka mifereji yao imechukua maji ya mito ya vilimani na kuyateremsha hadi mashamba ya bonde la Kerio. Kila mfereji una ukoo wake unaoutunza. Ukibomoka, hakuna dawa nyingine ila kuufuata kwa miguu hadi mahali palipobomoka.

Tusidhani pia kwamba mzunguko wetu unaishia mtoni. Maji mengi ya Trans Nzoia huingia mto Nzoia, nao hupita hadi Budalang'i na kumwaga katika Ziwa Victoria. Udongo tunaouacha uondoke kilimani hujaza mto huko chini, ambako watu huhama nyumba zao kwa mafuriko.

KABLA YA KUONDOKA

Chagueni siku mbili kwa mwaka. Ya kwanza iwe Januari au Februari, kabla ya kupanda mahindi, wakati ardhi iko wazi na mitaro inaweza kuchimbwa. Ya pili iwe wakati wa mvua, mwezi wa tano hivi, ili muone maji yenyewe yanapita wapi.

Ombeni ruhusa kwa wenye mashamba mtakayopita. Mwiteni mzee wa mtaa na afisa wa kilimo wa eneo lenu. Waende wanaume, akina mama na vijana. Mama anayeteka maji kila siku anaijua chemchemi kuliko mwenyekiti, na kijana mchungaji anajua kila ufa wa kilimani. Ondokeni saa moja asubuhi, mkiwa na maji ya kunywa, daftari na sabuni. Ya sabuni tutaieleza.

NJIANI MTAZAME NINI?

Kilimani: Je, miti ipo au imekwisha? Maji yameanza kuchimba ardhi wapi? Ufa ulio na kina cha mguu leo utamfunika ng'ombe baada ya miaka michache.

Kwenye mitaro: Je, umefuata usawa wa kilima au umeteremka wima? Mtaro unaoteremka wima ni mto mpya mnaojichimbia wenyewe. Kwa "fanya juu" udongo hutupwa upande wa juu wa mtaro, ukawa tuta, na juu ya tuta hupandwa majani ya nepia. Tuta huzuia udongo, na ng'ombe hupata chakula.

Mtoni na kwenye chemchemi: Je, watu wamelima hadi ukingoni? Mikaratusi imepandwa karibu na maji? Mifugo hunywa pale pale watu wanapoteka? Wenzetu wa Kipsaina, karibu na kinamasi cha Saiwa, waliunda kikundi kumlinda yule ndege mwenye taji ya dhahabu kichwani pamoja na kinamasi anamotaga. Hawakungoja mtu wa kutoka mbali.

MBWA WETU

Katika mzunguko mmoja mbwa watano walitufuata. Tulipokuwa kwenye njia ya mtaro, mmoja alimrukia kijana mchungaji na kumng'ata mguuni. Wengine wakaokota mawe wamuue mbwa. Tukauliza: ana chanjo? Mwenyewe akakaa kimya. Siku ile hatukuzunguka tena. Tulimwosha kijana, tukamkimbiza hospitali akaanza sindano, na mbwa akafungwa. Baada ya siku kumi mbwa alikuwa bado mzima, lakini siku hizo kumi mama wa kijana hakulala.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Inakadiriwa kwamba watu 59,000 hufa nacho kila mwaka duniani, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na wengi wao wako Afrika na Asia. Hata hivyo kinazuilika. Mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa kila mwaka katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kenya ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kukomesha vifo hivi ifikapo 2030.

Kwa hiyo kikundi kiwe na kanuni hizi:

1. Mbwa asiye na cheti cha chanjo cha mwaka huu abaki nyumbani, amefungwa.
2. Mbwa wengine watembee kwa kamba mnapopita penye watoto na kondoo. Wasiingie kwenye chemchemi. Katika Hifadhi ya Taifa ya Saiwa Swamp mbwa hawaruhusiwi kabisa.
3. Mtu aking'atwa, osheni kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Msipake majani wala mafuta.
4. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na amalize sindano zote hata kama kidonda kimepona.
5. Mbwa aliyeng'ata asiuawe kwa hasira. Afungwe, afisa wa mifugo aitwe, aangaliwe siku kumi. Lakini sindano za mtu zisingoje siku hizo.

MKISHARUDI

Msitawanyike. Kaeni chini ya mti, chora mzunguko wenu kwenye udongo, kila mtu aonyeshe alichokiona. Kisha chagueni kazi moja tu ya kuanza nayo, mtaje nani ataifanya na lini. Kikundi kinachotaja kazi kumi hurudi mwaka ujao na zote kumi.

MASWALI YA KUJADILIANA

Maji yanayoharibu kwetu yanaanzia wapi, na nani kati yetu amekwenda kupaona?
Tunamlaumu jirani gani kwa jambo ambalo hatujaliona kwa macho?
Kati ya mbwa wa wanachama wetu, ni wangapi wamechanjwa mwaka huu?