Sarafu Moja, Nyuso Mbili: Mchoro ni Mali ya Nani?

Mwaka 2000 Marekani ilitoa sarafu ya dola moja yenye rangi ya dhahabu, kwa kumuenzi Sacagawea, mwanamke wa kabila la Washoshone aliyefuatana na msafara wa Lewis na Clark kuelekea Bahari ya Pasifiki. Uso wa mbele wamwonyesha akiwa amembeba mwanawe mgongoni. Uso wa nyuma, hadi mwaka 2008, ulionyesha tai arukaye akizungukwa na nyota 17, idadi ya majimbo ya nchi hiyo mwaka 1804. Nyuso hizo ni za sarafu moja, lakini mbele ya sheria hazilingani.

Sheria ya hakimiliki ya Marekani, iliyotungwa mwaka 1976 na kuanza kutumika 1978, yasema kwamba kazi ya mtumishi wa serikali kuu, aifanyayo katika kutimiza wajibu wake, haina hakimiliki nchini humo. Tai yule alichorwa na Thomas D. Rogers, mchongaji aliyeajiriwa katika kiwanda cha sarafu cha serikali. Kwa hiyo mchoro huo ni mali ya umma. Mwalimu wa huko aweza kuuchapa kitabuni pasipo kuomba kibali.

Sura ya Sacagawea, kwa upande wake, iliundwa na Glenna Goodacre, mchongaji asiyekuwa mtumishi wa serikali. Kazi ya msanii wa namna hiyo huzaliwa na hakimiliki. Sheria ile ile huiruhusu serikali kupokea hakimiliki iliyohamishiwa kwake, na ndivyo ilivyotendeka. Goodacre alilipwa dola 5,000, tena kwa sarafu zenyewe.

Je, msanii asipohamisha haki yake? Frank Gaylord alichonga sanamu za askari katika ukumbusho wa Vita vya Korea mjini Washington. Mwaka 2003 Posta ya Marekani ilitoa stempu yenye picha ya sanamu hizo bila idhini yake. Mwaka 2010 mahakama ya rufani iliamua kuwa haki yake imevunjwa, na mwaka 2013 ikaamriwa alipwe fidia ya zaidi ya dola 680,000.

Hakimiliki isichanganywe na sheria ya kughushi fedha, ambayo hulinda thamani ya sarafu. Hakimiliki hulinda ubunifu. Mwenye sarafu mfukoni anaimiliki sarafu, wala si mchoro uliomo. Ili kumjua mwenye mchoro, sharti kwanza iulizwe: aliuchora nani, na kwa mkataba gani?