Wavulana kivyao, wasichana kivyao: Kyela tulianza zamani

Kila majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza yakitoka, huku kwetu Kyela ubishi ni ule ule, kuanzia vijiweni mpaka nje ya kanisa: mtoto aende shule ya kata, wavulana na wasichana darasa moja, au atafutiwe bweni la jinsia moja? Wanaopenda bweni wanasema huko mtoto anatulia. Wanaopinga wanasema atarudi na cheti kizuri lakini domo zege, akikutana na binti anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa.

Wengi wanadhani kutenganisha vijana ni jambo lililoletwa na wamisionari. Kwa sisi wa huku ziwani sio kweli.

Kati ya 1934 na 1938 walikuja huku watafiti wawili, mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, wakaishi na Wanyakyusa. Mwaka 1951 Monica akatoa kitabu, Good Company, kinachoeleza vijiji vya marika. Mambo yalikuwa hivi: mtoto wa kiume akifika miaka kama 10 anatoka nyumbani kwa baba yake. Anakwenda kulala na wenzake kwenye vibanda walivyojijengea wenyewe pembeni ya kijiji cha wazazi. Mchana wanachunga ng'ombe wa baba zao. Njaa ikiuma wanakwenda kundi zima kula kwa mama wa mmoja wao, kisha kwa mama wa mwingine. Hawajatupwa, ila hawalali nyumbani.

Sababu ya wazee ilikuwa aibu. Kijana anayekua asilale karibu na mambo ya wazazi wake. Na akija kuoa, mkewe na baba mkwe hawatakiwi hata kuonana, sasa mtaishije mji mmoja? Basi vile vibanda vinakua, wanaoa, wake zao wanahamia hapo, mwisho kinakuwa kijiji kamili. Wakishafika miaka thelathini na kitu wazee wanawakabidhi nchi kwa sherehe.

Neno lililobeba yote haya ni ukwangala, yaani kukaa na wenzako kwa raha, mle pamoja, mpige stori. Iliaminika kwamba akili na adabu mtu anazipata kwa kuzungumza na wa rika lake. Sasa ukiangalia, si ndiyo hiyo hiyo wanayoisifia watu waliosoma bweni? Urafiki wa kufa na kuzikana, kujifunza kugawana, kujua kumsema mwenzio bila kumvunja.

Lakini kuna upande ambao babu zetu hawausimulii sana. Wasichana hawakuwa na kijiji chao. Binti alibaki kwa mama yake, na mara nyingi alishachumbiwa kwa ng'ombe kabla hajavunja ungo, tena na mtu aliyemzidi miaka kibao. Ile shule ya urafiki ilikuwa ya wanaume. Mtu akiniambia turudi kwenye mila namuuliza: mila ya kaka au ya dada?

Haya, tuje kwenye shule za sasa. Watu wanatolea mfano Kilakala, Msalato, Kibaha na Mzumbe, wanasema oneni matokeo. Jamani, zile zinachukua waliofaulu sana toka darasa la saba! Ukichagua mbegu nzuri usisifie jembe. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 184 kutoka nchi 21, zenye wanafunzi milioni 1.6. Walipolinganisha watoto wa hali moja, tofauti kati ya jinsia moja na mchanganyiko ilikuwa karibu hakuna.

Ila usikimbilie kufunga mjadala. Kule Trinidad na Tobago, kuanzia 2010 serikali ilibadili shule 20 zilizokuwa zinafanya vibaya, zikawa za jinsia moja. Mchumi Kirabo Jackson alifuatilia akakuta matokeo yalipanda, wasichana waliozaa wakiwa wadogo walipungua, na wavulana waliokamatwa na polisi walipungua pia. Halafu Hong Kong, utafiti uliotoka 2018 ulikuta waliosoma jinsia moja wana wasiwasi zaidi wakiwa na watu wa jinsia nyingine, hata walioshafika chuo. Hili la pili silibishi. Mimi nilisoma bweni la wavulana, na siku basi la wasichana lilipokuja kwa mdahalo maji ya kuoga yaliisha alfajiri. Walipofika sasa, nani aliongea? Mwalimu.

Kwa maoni yangu domo zege ni tatizo, lakini linatibika. Kuna lisilotibika haraka, nalo ni geto. Shule ya kata ikiwa mbali na haina bweni, wazazi wanampangia mtoto chumba karibu na shule. Anapewa mchele, mafuta kidogo, usipa mkavu, basi. Binti wa miaka 14 analala peke yake au na mwenzake mmoja. Mchele ukiisha katikati ya mwezi, wa kwanza kujua ni dereva wa bodaboda. Vile vibanda vya zamani angalau vilikuwa hatua chache toka jikoni kwa mama.

Sheria ipo. Tangu 2016 anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na miaka 30 jela. Na tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu msichana aliyejifungua arudi shule. Lakini hakimu hapiki ugali, na anafika mambo yakiwa yameshaharibika.

Ndiyo maana mzazi akiniuliza ampeleke wapi binti yake, siulizi kama kuna wavulana darasani. Nauliza atalala wapi na nani atamuuliza kama amekula. Bweni la wasichana lenye matroni anayeeleweka nalikubali, hata akirudi likizo anawaonea wavulana haya. Shule ya kata ambayo anatembea jioni anarudi kwao, nayo naikubali kabisa. Geto hapana.

Nyie mliosoma Loleza na mliopanga mageto Ipinda, Matema na Kyela mjini, tupeni ukweli hapo chini, hata bila majina.