Zebaki ya Kwenye Karai Huenda Wapi?

Kwenye mialo ya wachimbaji wadogo katika ukanda wa dhahabu wa Geita, kazi ya siku nzima huishia kwenye donge dogo la kijivu, la dhahabu na zebaki, linalowekwa juu ya jiko la mkaa. Dakika chache baadaye donge limekuwa la manjano, na wengi waliosimama hapo huamini kwamba zebaki imeteketea. Haijateketea hata chembe. Mkaa wenyewe ndio unaoteketea, kwa kuungana na oksijeni. Zebaki imechemka tu, ikawa mvuke. Kila gramu iliyokuwa ndani ya donge bado ipo, ila karibu yote imehamia hewani. Sifa za kimaumbile zinazoifanya zebaki impendeze mchimbaji ndizo zinazomdhuru, na ukizifuata moja baada ya nyingine utaona kuwa kuikamata si kazi ngumu kama inavyosemwa.

Kwanza, kwa nini aitumie? Mawe yakishasagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa kwa maji juu ya ubao ulioinama, uliotandikwa magunia au blanketi. Hapo kinachofanya kazi ni densiti. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, ya kwatzi, lile jiwe jeupe la kwenye mwamba, ina gramu 2.65. Dhahabu ni nzito mara saba na ushei, na maji huipanua tofauti hiyo: kila kilichozama hupunguziwa gramu moja kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo hubaki 18.3 dhidi ya 1.65, yaani mara kumi na moja. Lakini uzito nao una kikomo chake. Kwa punje ndogo sana, kipenyo kikipungua kwa nusu, kasi ya kuzama hupungua mara nne, na vipande bapa vya dhahabu huweza hata kuelea juu ya maji. Dhahabu ya vumbi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mavuno kwenye miamba mingi, huponyoka na tope.

Zebaki huidaka hiyo. Ni metali pekee iliyo kimiminika katika joto letu la kawaida. Huganda kwenye nyuzi 39 chini ya sifuri. Dhahabu haishiki kutu, hivyo uso wake uko wazi, na atomi za zebaki hushikamana nao mara moja. Kwatzi haina cha kushikamana nayo, na chuma nacho huikataa, ndiyo maana tangu zamani zebaki imesafirishwa kwenye chupa za chuma. Donge likishakamuliwa kwa kitambaa mpaka likakauka, karibu nusu ya uzito wake bado huwa ni zebaki.

Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi. Dhahabu huyeyuka kwenye 1,064, na haichemki mpaka ipite 2,800. Moto wa mkaa umekaa vizuri kabisa katikati, na hapo ndipo penye hatari isiyoogopwa. Watu huogopa kuimeza zebaki, kumbe zebaki ya metali ikimezwa, inayoingia mwilini haifiki hata asilimia 0.01. Mvuke wake ukivutwa, mapafu huchukua takribani asilimia 80. Hauna rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza hewa isizidi wastani wa maikrogramu moja kwa mita ya ujazo kwa mwaka. Kwa kipimo hicho, gramu moja, yaani tone lenye upana wa nusu sentimita, inatosha kujaza hewa ya uwanja mzima wa mpira mpaka kimo cha mita 140.

Atasema mtu kwamba upepo huupeleka mbali. Ni kweli, lakini anayepuliza moto ameinama juu ya donge, anavuta hewa kabla upepo haujafika. Na wapo wanaochomea jikoni nyumbani. Atasema mwingine kwamba wako wazee waliochoma miaka ishirini na wangali hai. Nao wapo. Sumu hii haiui ghafla: hutetemesha mikono, huleta usahaulifu na hasira, huharibu figo, na kila dalili hiyo ni rahisi kuipachika jina la pombe au la uzee.

Pingamizi lenye uzito zaidi linahusu retoti, yaani chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba linalopoozwa kwa maji ili mvuke urudi kuwa kimiminika. Husemwa kwamba inakula dhahabu. Kwa fizikia haiwezekani, maana hakuna jiko la mwaloni linaloifikisha dhahabu nyuzi 2,800. Hata hivyo mlalamikaji hakuota: chungu chenye mikwaruzo hubakiza chembe ukutani, na dawa yake ni kukipaka chaki kabla ya kuchoma. Rangi ya dhahabu huweza kutoka imefifia, lakini uzito ni uleule. Linalobaki ni kuaminiana, kwa sababu wenye mzigo wanataka kuiona mali yao ikiiva, na chungu kimefungwa. Zipo retoti za kioo zinazoonyesha ndani, ingawa huvunjika. Faida nayo ni bayana: zaidi ya asilimia 90 ya zebaki hurudi, nayo hununuliwa kwa fedha.

Retoti haigusi zebaki iliyobaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao baadaye hupelekwa kwenye sianidi ili kutoa dhahabu iliyosalia, na zebaki huyeyuka humo. Kwa hilo Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka zebaki ipunguzwe toka mwanzo. Tena dhahabu inayotoka kwenye retoti bado imebakiza asilimia chache za zebaki. Mnunuzi anajua, ndiyo maana hukata uzito kabla ya kulipa. Kisha anaiyeyusha dukani, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,064, na salio hilo linatokea hapo, mjini, mara nyingi katika chumba chenye dirisha moja na jirani wa ukuta kwa ukuta.