KUKABIDHI NA KUPOKEA: NENO MOJA LA FIQHI KATIKA BIASHARA YA MTANDAONI

Miongoni mwa istilahi ambazo Kiswahili kimezipata kutoka fiqhi ya Kiislamu, ni chache zinazotatiza leo kama "kabidhi". Tatizo lilikuwa dogo wakati mnunuzi na muuzaji walipoonana dukani. Limekua tangu watu waanze kununua kwa njia ya intaneti, ambako fedha hutangulia na bidhaa hufuata baada ya siku nyingi.

Kuhusu mkataba wenyewe, lugha haina shida. "Ijabu" na "kabuli" ni maneno ayajuaye kila aliyehudhuria ndoa, nayo yafaa katika mauzo pia. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 6 kilichofanyika Jeddah Machi 1990, liliamua kwamba watu walio mbalimbali waweza kufunga mkataba kwa maandishi au kwa kompyuta, nao hukamilika pale ijabu inapomfikia mwenziwe naye akakubali. Ndoa haikuruhusiwa kwa njia hiyo, kwa sababu ya sharti la mashahidi.

Shida imo katika kinachofuata. Kwa Kiarabu, "qabdh" huelekea kwa mwenye kutwaa: kitu kimeingia mkononi mwake. Kiswahili cha leo kimeligeuza neno. Akabidhiye ndiye atoaye. (Maana ya kale yaonekana bado katika cheo cha Kabidhi Wasii, mshika mali za marehemu.) Basi mfasiri akiandika kwamba dhamana humhamia mnunuzi "baada ya kukabidhi", msomaji atauliza: nani amemkabidhi nani?

Swali hili si la wanazuoni peke yao. Tuchukue mfanyabiashara wa Kariakoo aliyelipia mitandio kutoka Guangzhou, na robota likapotea njiani. Katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu, bidhaa iliyopotea kabla ya mnunuzi kuipokea ni hasara ya muuzaji. Mauzo huvunjika na bei hurudishwa. Muuzaji akijitetea kuwa "amekwisha kabidhi" kwa msafirishaji, hapana budi kutazama msafirishaji huyo ni wakala wa nani. Akiwa wakala wa mnunuzi, mnunuzi amepokea. Akiwa wa muuzaji, bado. Mtaji mzima waweza kupotea katika kitenzi kimoja.

Kadhalika, aliyenunua mzigo ambao ungali ghalani kwa mwingine hawezi kuuza tena kwa picha kabla hajaupokea.

Twapendekeza "kukabidhi" libaki kwa tendo la muuzaji, na "upokezi" litumike kwa "qabdh". "Upokezi halisi" uwe wa mkono. "Upokezi wa kihukumu" uwe kama ule wa kuingiziwa fedha katika hesabu ya benki, ambao kikao hicho hicho cha 1990 kiliukubali. Neno "umilikishaji" lisingefaa, kwani mnunuzi humiliki kwa mkataba, hata robota likiwa bado baharini.