Shairi Halisomwi kwa Jicho

Watahiniwa wengi wa kidato cha nne huliogopa shairi kuliko hesabu. Si ajabu, maana husomeshwa kimya kimya, jicho likitambaa juu ya karatasi, ilhali shairi la Kiswahili tangu asili ni jambo la koo na sikio.

Mtihani wa KCSE, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1989, ndio mlango wa chuo kikuu. Atakaye shahada sharti apate wastani wa C+ kwa uchache, na Kiswahili ni somo la lazima. Karatasi ya fasihi ina alama 80: maswali manne kwa saa mbili na nusu, na shairi ni alama 20. Kuna miaka shairi huwa ndilo swali la lazima, na hapo hapana pa kukimbilia.

Mwaka huu binti ya ndugu yangu aliniletea karatasi za zamani. "Ami," akasema, "mimi shairi silijui, na nikianguka hapa ualimu niusahau."

Nilimwambia aliimbe kwanza. Sisi chuoni tulihifadhi kwa sauti kabla ya kujua maana. (Chuo kwetu pwani ni kile cha kusomea msahafu, si hiki akitafutacho yeye.) Kisha tukahesabu mizani kwa vidole, kama mtu avutaye tasbihi. Hapa ndipo vijana wanapojikwaa: "mtoto" ni mizani tatu, kwa kuwa ile m husimama peke yake, "nchi" ni mbili, na "ndugu" pia ni mbili, maana nd imeshikana. Nikamtungia mshororo:

Mwanangu shika kalamu, uandike kwa makini.

Nane ukwapi, nane utao. Aliuhesabu mara tatu, ya tatu akacheka.

Uhuru wa mshairi ulitutoa jasho. Darasani wamepewa orodha waihifadhi: inkisari, mazida, tabdila, kuboronga sarufi. Aliyajua majina hayo kama abiria ajuavyo vituo asivyowahi kushuka. Nikamwambia arudi kwenye mshororo wetu, aseme "mwana wangu" badala ya "mwanangu". Akahesabu: tisa! "Kumbe mshairi hufupisha ili asizidishe," akasema. Naam, hiyo ndiyo inkisari, nasi huitumia hata tukiagiza samaki sokoni.

Binafsi sipendi mtihani unaouliza jina la bahari kabla ya kuuliza mshairi analilia nini. Lakini mtahini hapangiwi na mshairi. Swali likitaka mifano miwili, toa miwili, ueleze, uendelee, saa haingoji.

Palipotakiwa ubeti uandikwe kwa lugha ya nathari, alikuwa akiyapanga upya maneno yale yale. Basi nikamtuma akamsimulie bibi yake ubeti ule pale barazani. Bibi, ambaye hajapata kuingia shule, akamkatiza: "Ngoja kwanza, mjukuu wangu. Ni nani huyo asemaye, na amwambia nani?" Mtoto akarudi mbio kuniambia kwamba bibi ameuliza nafsineni.

Mtihani ni Novemba. Juzi ameniletea tathlitha aliyoitunga mwenyewe, beti nne. Vina vimetimia. Mshororo wa pili wa ubeti wa tatu una mizani 17, nimemrudishia.