Michezo ikifutwa chuoni, mazoezi yasikome

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu, michezo ya shule ilisimamishwa Tanzania, baadaye ikarejeshwa. Chuo kidogo kisiwani Pemba kikifuta timu zake, huenda kikaokoa fedha, lakini kijana hukosa kinga ya kisukari na shinikizo la damu.

Shirika la Afya Duniani hushauri wenye miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi wastani wa dakika 60 kila siku, na watu wazima angalau dakika 150 kwa wiki.

Mzazi, usisubiri uwanja wa Gombani. Nage, kuruka kamba au mpira ufukweni baada ya alasiri vinatosha. Mwenye pumu au kisukari naye acheze, baada ya kushauriana na daktari wake.