Dawa ya kupaka yaweza kudhuru tumbo

Wengi wetu tumezoea kuzigawa dawa mafungu mawili: za kumeza, ambazo tunazichukulia kwa hadhari, na za kupaka, ambazo tunaziona hazina neno. Mgawanyo huo una ukweli, lakini si ukweli wote. Ipo dawa ya kupaka ambayo, kwa nadra, humletea mtumiaji kuharisha kukali, na yafaa kila familia iijue.

Dawa hiyo ni klindamaisini, ambayo kwenye boksi huandikwa clindamycin. Ni kiuavijasumu kinachotengenezwa pia kwa namna ya jeli au losheni ya kutibu chunusi. Kwa hiyo watumiaji wake wengi ni vijana wetu, wa kike na wa kiume.

Madhara yake tumboni yalijulikana kwanza kwa wagonjwa walioinywa au kudungwa. Mwaka 1974, madaktari wa St. Louis, Marekani, walieleza habari za wagonjwa 200 waliopewa dawa hiyo: asilimia 21 waliharisha, na asilimia 10 walikutwa na uvimbe wenye utando katika utumbo mpana. Mwaka 1978 chanzo kikabainika. Ndani ya utumbo huishi bakteria wengi wenye manufaa. Dawa ikiwaua hao, bakteria mwingine, Clostridioides difficile, hupata nafasi ya kuongezeka na kutoa sumu inayoujeruhi utumbo.

Je, dawa ya usoni hufikaje huko? Sehemu ndogo yake hupenya ngozi na kuingia katika damu. Kwa walio wengi kiasi hicho hakileti dhara lolote. Hata hivyo, katika miaka ya 1980 madaktari wa Marekani waliandika juu ya wagonjwa waliopata ugonjwa huo baada ya kupaka tu, na tahadhari ya jambo hili huwekwa katika maelezo ya dawa hiyo.

Hapa Bariadi na Simiyu kwa jumla, mtu akiharisha tunafikiria maji na chakula kwanza, na tuna sababu: mwanzoni mwa mwaka 2024 mkoa wetu ulikumbwa na kipindupindu. Hatari ni kwamba kijana aulizwapo kama ametumia dawa yoyote, hujibu hapana, kwa kuwa mafuta ya chunusi hayahesabu kuwa dawa. Pengine huona haya kuyataja mbele ya wazazi. Tabibu naye hukosa habari ambayo ingemwongoza.

Kwa hiyo tunawausia wazazi mambo haya. Mosi, dawa ya chunusi inunuliwe kwa ushauri wa mtaalamu, na boksi lake lihifadhiwe. Pili, aliyewahi kuugua uvimbe wa utumbo mpana, au kuharisha vibaya kwa sababu ya viuavijasumu, amweleze mtaalamu kabla ya kupewa. Tatu, mama anyonyeshaye asiipake kifuani mahali ambapo mtoto aweza kuilamba.

Nne, anayeitumia akiharisha sana, akiumwa tumbo au kuona damu katika choo, aache kuipaka na aende kituo cha afya akiwa na boksi hilo. Asikimbilie vidonge vya kufunga tumbo, kwani vyaweza kuuzidisha ugonjwa huu. Anywe maji ya chumvichumvi ya kuzuia upungufu wa maji mwilini akiwa njiani. Tano, ikumbukwe kuwa dalili zaweza kuanza hata wiki kadhaa baada ya kuacha dawa.

Hatuyasemi haya ili kuwatisha vijana wanaotibiwa chunusi kwa utaratibu mzuri. Mwili ni amana, na kuitunza amana ni pamoja na kujua tunachoupaka. Mzazi amwulize mwanawe kwa upole, bila kumwaibisha, na tabibu auliziapo dawa, tutaje za kumeza na za kupaka pia.